Nauli Yetu, Dawa Yetu: Jinsi Cheti cha Mzee Gaudensi Kilivyokwenda Mbeya

Kijana, vuta kigoda uje upande huu wenye jua, maana upepo wa Sumbawanga hauna adabu, nami nataka unisikilize bila kutetemeka. Najua wewe ukiandikiwa dawa leo na ukaikosa hapa mjini, unakipiga picha cheti cha daktari kwa simu, unamtumia shangazi yako aliyeko Mbeya, na kesho yake kondakta anakukabidhi bahasha. Nafurahi kwa ajili yako. Mimi nilikaa nyuma ya dirisha la dawa kabla ya mambo hayo, na niliona cheti kimoja kikienda mkoa wa jirani na kurudi na kizaazaa ambacho nikikikumbuka nacheka peke yangu, mpaka jirani ananiuliza nimemeza nini.

Naitwa Tusajigwe. Kwetu ni upande wa Mbeya, Ufipa nililetwa na kazi ya serikali. Nilishuka kwenye lori nikiwa msichana mwenye koti jepesi, na kabla jua halijazama nilikwishajua kwamba koti lile lilikuwa pambo tu. Kazi yangu ilikuwa kutoa dawa hospitalini: mgonjwa anatoka kwa daktari na cheti, anakipitisha dirishani, mimi nakisoma, nahesabu vidonge, namweleza, anaondoka.

Nikisema cheti kiligharimu, usifikiri nazungumzia bei ya dawa. Dawa ya dirishani kwetu ilikuwa bure. Kisichokuwa bure ni kuifuata. Ghala letu lilipokauka, na lilikuwa likikauka, mgonjwa alibaki na karatasi yake, na dawa iko Mbeya. Hapo ndipo gharama ilipoanza: nauli ya basi, chakula cha kushinda njiani basi likizama kwenye tope la Laela, mahali pa kulala, na jogoo wa kumshukuru mwenyeji uliyelala kwake. Jogoo huyo alikuwa lazima. Nimeona watu wameahirisha kuugua kwa sababu jogoo bado mdogo.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Kristofa, Mfipa wa Chala, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinifundisha kuchora jua na mwezi kwenye karatasi za kufungia vidonge kwa wale wasiosoma: jua linalochomoza ni asubuhi, jua la utosini ni mchana, mwezi ni wakati wa kulala. Alinifundisha pia kunusa kila chupa kabla ya kuijaza dawa ya maji. Siku hizo chupa ulikuja nayo wewe mwenyewe kutoka nyumbani, na watu walileta za soda, za mafuta ya taa, za pombe. Bwana mmoja alileta birika. Bwana Kristofa aliligeuza, akalitazama, akasema, "Ndugu yangu, nikikujazia humu, mgeni wa kwanza atakayekuja kwako atakunywa dawa yako yote ya kikohozi na kukusifu kwa chai nzuri."

Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa hili: dawa haijatoka dirishani mpaka mgonjwa akueleze, kwa kinywa chake, jinsi atakavyoimeza. Mwanzoni niliona ni kupoteza muda. Kisha nikampa mzee mmoja vidonge, nikamwambia kimoja asubuhi, kimoja jioni, nikamwomba anirudishie maelezo.

"Kimoja asubuhi nameza mimi," akasema. "Kimoja jioni anameza mama watoto."

"Mama watoto naye anaumwa?"

"Haumwi. Lakini binti yangu, mimi siwezi kula kitu peke yangu nyumbani."

Shika tabia hiyo ya ukarimu, maana ndiyo iliyozaa kisa chenyewe.

Cheti ni maneno ya daktari mmoja kwenda kwa mtoa dawa. Kikisafiri mbali, lazima kikute mtu wa kukielewa na wa kukiamini. Mvuvi mmoja wa Kasanga aliwahi kuniletea cheti alichopewa ng'ambo ya ziwa, Zaire, kimeandikwa Kifaransa. Nilikipeleka kwa daktari wetu. Akakishika, akakiinua juu penye mwanga, akasema, "Mwandiko mzuri sana." Hapo ndipo Kifaransa chetu kilipoishia. Tukamwomba mvuvi atuonyeshe alikoumwa, naye akatuonyesha kwa bidii, mbele ya foleni nzima, mpaka akina mama wakageukia ukutani. Daktari alimpima upya na kumwandikia cheti kipya, na mambo yakaisha. Kwa shukrani aliniachia fungu la migebuka juu ya kaunta, akakimbia kabla sijakataa. Pamba za hospitali zilinuka samaki kwa muda, na kila mgonjwa aliyefungwa kidonda alisindikizwa na paka hadi nyumbani.

Sasa tuje Mbeya. Zamani Sumbawanga ilikuwa ndani ya mkoa wa Mbeya, kwa hiyo cheti chetu kilipokelewa kule kama mtoto wa nyumbani. Miaka ya sabini mkoa wa Rukwa ukaundwa. Tulilala tukiwa watu wa mkoa wa Mbeya, tukaamka tukiwa watu wa Rukwa, na hakuna aliyehamisha hata kitanda. Lakini dawa zilikuja kwa mgao, kila mkoa na wake, na dirisha moja la kule, silitaji, likaanza kutuambia: "Hiki ni cha mkoa mwingine. Kipigwe muhuri wa mganga wenu mkuu, na mgonjwa tumwone kwa macho." Sikuwalaumu. Hata mimi ningelinda debe langu la dawa.

Wakati huo, katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Mollo, aliishi Mzee Gaudensi, mhunzi. Majembe ya kijiji kizima alitengeneza yeye, na pumu yake ilikuwa ya siku nyingi. Ikimshika, kifua kililia kama mivukuto ya kiwandani kwake. Kilichomfaa ni vidonge fulani vidogo vyeupe vya kufungua kifua. Kipupwe kilikuwa kinaingia, watu wanaanza kupura ulezi, vumbi limejaa hewani, na ghala letu halikuwa na hata kidonge kimoja cha aina hiyo. Daktari akaandika cheti cha kumtosha msimu mzima wa baridi, tukakitafutia muhuri, nikampa mkewe, Mama Apolonia, nikimwambia kiende Mbeya pamoja na mgonjwa.

Nauli ya watu wawili hawakuwa nayo. Kijiji kikakutana, kikafanya jambo la kiungwana kabisa: kiliuza maharage ya shamba la pamoja, kikapata nauli. Ilitosha mtu mmoja. Na kwa kuwa Mzee Gaudensi asingeweza kuvumilia vumbi la barabara ile, kikao kikamchagua mtu wa kuumwa kwa niaba yake.

Usicheke bado. Walipiga kura.

Aliyeshinda ni Telesfori, muuzaji wa duka la kijiji. Sifa yake ilikuwa kuigiza. Siku za sikukuu aliigiza jogoo, aliigiza bwana shamba, aliigiza ng'ombe anayezaa mpaka wenye ng'ombe wanainuka kwenda kusaidia. Alipofika Mbeya kwenye dirisha lile na kuambiwa mgonjwa aonekane, akasema mgonjwa ndiye yeye, akaanza kuhema. Alihema vizuri mno. Daktari aliyekuwa akipita alimshika mkono, akamlaza wodini, akamchoma sindano. Kila alipojaribu kusema kwamba amepona, walimwambia hiyo ni dalili ya kuweweseka. Siku alipotoka alikuwa na kopo la vidonge vya Gaudensi na anachechemea.

Kijiji kilimpokea kwa vigelegele. Mwenyekiti, Mzee Ponsiano, alikuwa mtu wa haki kupita kiasi. Aliweka kopo mezani, akasema: "Ndugu zangu, maharage yalikuwa ya nani?"

"Yetu!"

"Nauli ilikuwa ya nani?"

"Yetu!"

"Basi dawa hii ni ya nani?"

Unajua walivyojibu. Waligawana vidonge kama walivyogawana sukari ya dukani, kila kaya fungu lake. Telesfori akaongezewa kwa ajili ya sindano. Gaudensi naye akapewa fungu la kaya moja, sawa na wenzake, na akaambiwa ashukuru.

Hapa niache kicheko nikueleze jambo la kazi. Vidonge vile hufungua kifua, lakini pia huufanya moyo ukimbie na usingizi uondoke. Kwa mtu asiye mgonjwa ni hatari, na ilikuwa heri kwamba waligawana kidogo kidogo. Hata hivyo, kidogo hicho kilionekana. Wanakijiji wakapura ulezi wao wote, wakaupepeta, wakaujaza ghalani, na bado mikono inawasha. Kundi moja likaenda kijiji cha jirani na fimbo zao kuomba ulezi wa kupura. Majirani wakadhani wamevamiwa. Kuku wakabomolewa banda na kujengewa jingine, likabomolewa, likajengwa tena kwa kuelekea upande ule ule.

Yote haya nilisimuliwa na Mama Apolonia, aliposimama dirishani kwangu akiwa na karatasi tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vidonge vimekwisha."

"Vya msimu mzima? Mzee amemeza vyote?"

"Mzee amemeza vyake. Vingine vimemezwa na kijiji."

Nilidhani nimechoka. Alinieleza yote pale, foleni inangoja nyuma yake na hakuna aliyelalamika, kila mtu ametega sikio. Nilipokwisha kuelewa, sikuweza kucheka, kwa sababu ghala letu bado lilikuwa tupu, mgao mpya haujafika, na mzee yule alikuwa na vidonge vya siku chache nyuma yake na baridi yote mbele yake.

Bwana Kristofa alisogea. "Mama, kuna kaya ambazo hazijameza?"

"Zipo. Mfipa hamezi kitu cha bure mpaka aone jirani amefanywa nini."

"Basi viombe."

"Nimeviomba. Wanasema ni mali ya kijiji." Akajitanda kanga yake vizuri. "Sirudii kuviomba. Nitawapa na kilichobaki."

Hakunieleza kilichobaki ni nini. Mimi na Bwana Kristofa tukapanga kwenda kule na gari la kliniki ya watoto, siku yake ya karibu, tuzungumze na kikao.

Tulipofika tulikuta watu wamekusanyika mbele ya duka, kando ya nyumba ya mwenyekiti, upepo unavuma, makapi ya ulezi yanaruka. Mzee Gaudensi hakuwa kwake. Alikuwa barazani kwa mwenyekiti, amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, amejifunika blanketi la mwenyekiti, mkononi ana kibuyu cha mwenyekiti. Mama Apolonia alikuwa amempeleka pale kwa mkono wake, akamwekea mkeka mlangoni na kuwaambia: "Nauli ilikuwa yenu, dawa ikawa yenu. Sawa. Mgonjwa wenu naye huyu hapa. Uji anapenda wa moto lakini usiounguza. Akikaa karibu na moto analalamika moshi, akikaa mbali analalamika baridi. Mtazungushana naye kaya kwa kaya, kama mlivyofanya kwa vidonge." Kisha akaenda zake kuvuna karanga.

Mzee Gaudensi, kijana, alikuwa mhunzi hodari na mgeni asiyevumilika. Alikosoa mapishi, alikosoa paa, alimwambia mke wa mwenyekiti kwamba jembe lake linashikwa kama mwiko na mwiko wake unashikwa kama jembe.

Nilisimama kueleza. Nilisema polepole, kama ninavyokueleza wewe: kila kidonge kimehesabiwa kwa kifua cha mtu mmoja. "Kijiji kikinunua miwani ya mzee mmoja asiyeona, mtaikata vipande?"

"Hapana," akasema Mzee Ponsiano, mtu wa haki. "Tutaivaa kwa zamu."

Watu wakapiga makofi. Bwana Kristofa aliishika miwani yake kwa mikono miwili.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema mkewe kutoka mlangoni, "mimi nimechoka. Chagua, vidonge au huyu mzee."

"Mama Skola, hili ni suala la usawa. Mwenzetu Gaudensi amepata sawa na kila mtu. Tukimzidishia yeye, kesho nani—"

Hakumaliza. Upepo ulikuja na wingu la makapi, na Mzee Gaudensi, aliyekuwa ameanza kulaumu uji, akakwama katikati ya neno. Akajaribu tena. Kifua kikaanza kile kilio chake, lakini chembamba, kama mivukuto iliyotoboka. Akainama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda, na midomo ikaanza kubadilika rangi. Kicheko kikakatika. Nilipiga magoti nikamkalisha wima, nikafungua vifungo vya shati, nikamwambia apumue polepole pamoja nami. Hatukuwa na sindano garini. Hatukuwa na kitu.

"Vidonge," Bwana Kristofa akasema, si kwa sauti kubwa. "Aliye navyo."

Wa kwanza kukimbia alikuwa Mzee Ponsiano mwenyewe. Sijapata kuona mwenyekiti akikimbia namna ile, kofia inadondoka na haokoti. Wengine wakamfuata, na wakarudi na vidonge kutoka kwenye mafundo ya kanga, kwenye kopo la ugoro, kwenye pindo la kofia, na kimoja chenye alama za meno ya mtu aliyekuwa amesita. Telesfori alileta vyake vyote vya sindano. Bwana Kristofa akachagua kimoja kilicho safi, mzee akapewa na maji, nasi tukasubiri.

Dawa ya kidonge haina haraka. Mama Apolonia alikuwa ameitwa, amefika na udongo wa karanga mikononi, amekaa nyuma ya mumewe akimwegemeza kifuani kwake. Kidogo kidogo mabega yakaanza kushuka. Kilio cha kifua kikapungua. Mzee Gaudensi akafumbua macho, akatutazama wote, akavuta pumzi ndefu yenye kutosha, na akaitumia yote kusema:

"Uji huu una mabonge."

Mke wa mwenyekiti alilia na kucheka kwa pamoja. Mzee Ponsiano akamwambia Mama Apolonia, "Dada, mchukue mumeo. Tafadhali. Na vidonge vyake."

Vilivyopatikana vilitosha kumvusha hadi cheti kingine kilipoandikwa na kupigwa muhuri. Safari hii kijiji kililipa nauli za watu wawili, na Bwana Kristofa aliwafanya waseme, mmoja mmoja, vidonge ni vya nani, kabla hajawaachia karatasi. Mzee Gaudensi na mkewe wakaenda wenyewe, mzee amejifunika pua kwa nguo njia nzima. Yule wa dirisha la Mbeya alimtazama, akamsikiliza akihema, akaguna.

"Huyu ndiye mgonjwa? Mbona yule mwingine aliumwa vizuri zaidi?"

Lakini vidonge alimpa, na Gaudensi aliendelea kufua majembe na kukosoa mapishi ya watu kwa miaka mingi baadaye. Kuhusu Telesfori, kila gari la kliniki lilipoingia kijijini yeye alitorokea mlango wa nyuma wa duka.

Huenda nawe siku moja utatumwa na cheti cha mtu kwenda mkoa mwingine. Usiogope, ni kazi nzuri na ukiifanya kwa utulivu hutakosea. Kabla ya kupanda basi, soma jina la mgonjwa kwenye cheti na uhakikishe muhuri unasomeka, na uulize kwanza kama dirisha la huko litataka kumwona mwenyewe. Usijifanye mgonjwa. Ukirudi, usipitie kwa mwenyekiti wala kwa mtu mwingine yeyote. Nenda moja kwa moja kwa mgonjwa, mpe dawa yote mkononi, mwombe akueleze jinsi atakavyoimeza, kisha mletee maji, na ukae hapo mpaka ameze kidonge cha kwanza nawe uone kimepita.